Alama ya Chaki

Kama kuna neno lililomtia kinyaa Mama Kola kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa, ni neno "familia". Meneja wa kiwanda alilipenda neno hilo kama watoto wanavyopenda peremende. Alipopunguza mishahara alisema sisi ni familia. Alipowapeleka wanawake likizo isiyo na malipo alisema familia huvumiliana. Alipofuta chai ya asubuhi alisema familia haihesabiani vikombe, huku kikombe chake mwenyewe kikifuka moshi mkononi. Wanawake walimbandika jina la Baba Familia, na walilitamka wakiwa wamekunja pua.

Hali ilikuwa mbaya kila mahali, hilo hakuna aliyelibisha. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameacha kuagiza mashati. Maghorofa ya mjini yalisimama nusu nusu, nondo zikiota kutu, na mume wa Mama Kola, aliyekuwa fundi wa kuzisuka nondo hizo, sasa alishinda nyumbani akirekebisha kiti kilekile ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Mtu akifa, waombaji wa kazi yake walifika kwa mwajiri kabla ya rambirambi. Watu walikuwa wameanza kuulizana habari za wagonjwa kwa namna ambayo haikuwa ya huruma.

Mama Kola lilikuwa jina la kazini. Alianza kwa kushona kola za mashati, akazishona vizuri mpaka akafanywa msimamizi wa mstari wa mwisho, ule wa kumalizia. Kwa hiyo hakuwa tena na cherehani yake. Alichokuwa nacho ni kipande cha chaki ya fundi mfukoni mwa aproni, cha kuwekea alama mshono uliopinda, na mdomo wa kuusema mshono huo mpaka mwenyewe ajute.

Katika mstari wake alikuwemo wifi yake, dada wa mumewe. Mama Kola ndiye aliyemwingiza kiwandani, baada ya ndoa ya wifi kuvunjika na wifi kuhamia chumba cha uani na watoto wake. Wawili hao walitaniana kuanzia wanapotoka nyumbani mpaka getini. Wifi alisema kaka yake alioa mdomo, sura akaletewa baadaye. Mama Kola alisema yeye aliolewa kwenye familia ambayo hata mawifi wake wanakoroma. Lakini wifi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote katika kushona vikofi, zile pindo za mwisho wa mikono ya shati, na hilo alilifanya kwenye cherehani kuukuu iliyokohoa kila ilipokanyagwa.

Katika kiwanda hicho cherehani ilikuwa na mwenyewe. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliifuata. Kila mwanamke aliifunga pedeli yake matambara kwa kadiri ya mguu wake, na jioni, kabla ya kuondoka, aliacha kipande cha kitambaa chini ya sindano, kimeshonwa mstari wa namna yake. Kitambaa kikiwa pale, kiti kina mtu. Hata waliopelekwa likizo bila malipo waliacha vitambaa vyao, na hakuna aliyethubutu kukaa kwenye viti hivyo. Ilifika hatua cherehani ziliitwa kwa majina ya watu. Fundi mitambo aliweza kusema anampeleka Mama Pacha karakana, kwamba Mama Pacha amekatika mkanda, na hakuna aliyecheka. Mota ya Mama Pacha ilipoungua, wenzake walipita kumpa pole mwenyewe kama mtu aliyeuguliwa.

Basi, Ijumaa moja Meneja akapanda juu ya meza ya kukatia nguo, akatangaza kwamba Jumatatu anakuja mwekezaji. Alisema mtu huyo ana pesa na anatafuta mahali pa kuziweka, na kwamba akikuta uchafu atageuza gari. Akawaomba waje Jumamosi na Jumapili kusafisha. Malipo hayakutajwa. Alisema wangefanya kwa moyo wa familia.

Wanawake waliguna. Mama Pacha alisema hasafishi nyumba ya mtu bure, labda ya mama yake mzazi. Ni Mama Kola aliyewazungukia mmoja mmoja. Aliwaambia kwamba mtu hapeleki pesa zake mahali penye vumbi, kwamba siku mbili si kitu, kwamba atakayekaa nyumbani asije kulia baadaye. Aliyasema hayo kwa sababu aliyaamini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye. Meneja hakumlipa wala hakumtuma. Alifanya kazi ya Meneja kwa hiari yake, kwa bidii, na kwa mdomo wake mwenyewe.

Wakaja wote. Walisugua vyuma kwa mafuta ya taa mpaka vikatoa mng'ao. Walichokonoa nyuzi zilizojisokota ndani kwa pini za nywele. Walitia mafuta kila tundu linalokubali mafuta. Jumapili mchana Meneja akapita na viatu vyake vya wikendi, akasema matambara ya pedeli yatoke, na vile vitambaa chini ya sindano pia vitoke, vinatia aibu. Hapo mikono ilisita. Wanawake walitazamana. Mama Kola akaona akichelewa watabishana, akainama kwenye cherehani ya wifi yake, akainua sindano, akachomoa kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Wengine wakafuata. Alizunguka na ule mfuko wazi kama mtu anayekusanya sadaka.

Ni mchana huohuo wifi alipomwambia habari za hospitali. Rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka ya wagonjwa alimwambia kuna nafasi imepatikana, na kwamba ameiombea ishikiliwe mpaka Jumatatu adhuhuri. Baada ya hapo ingekwenda kwa mwingine, maana watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kinyaa, damu na matapishi, lakini wagonjwa hawakomi kuja na mashuka hayaachi kuchafuka.

"Wifi, leo tusitaniane," alisema. "Niende au nibaki?"

"Baki," Mama Kola alijibu. "Huyu mtu haji bure."

Wifi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua.

Jumatatu mgeni alifika akiwa na tochi ndogo na kipande cha chaki nyeupe. Hakusalimia. Mama Kola aliliona hilo lakini akajiambia kwamba watu wenye pesa wana haraka. Mgeni alianza na cherehani ya kwanza, akamwondoa mwenyewe kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku mezani, akaketi, akashona mstari kwenye kipande cha kitambaa, akatega sikio, akafunua kifuniko, akamulika ndani. Akapita kwenye ya pili bila neno. Alipofika kwa Mama Pacha alishona mistari kadhaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachora kwenye chuma duara lenye mstari katikati.

Mmoja akanong'ona kwamba Mama Pacha amechaguliwa. Basi, ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza amechaguliwa kwa lipi. Kwa miaka yote hiyo Mama Pacha na cherehani yake walikuwa kitu kimoja, sasa nani angedhani mtu anaweza kukitaka kimoja akakiacha kingine? Mama Kola alimtupia macho Meneja. Meneja alisikia mnong'ono ule, akatabasamu, akanyamaza.

Na kuanzia hapo yalitokea mambo ambayo Mama Kola, akiyakumbuka, hutamani kutema mate. Wanawake wazima, wenye wajukuu, walianza kujiweka sawa kama mabinti wanaosubiri posa. Mmoja alikipangusa kiti kwa upindo wa aproni yake kabla mgeni hajakaa. Mwingine aliyacheka maneno ambayo mgeni hakuyasema. Waliotiwa alama walihamia upande mmoja wa chumba, wakapigana makofi mgongoni, na baada ya muda mfupi tu wakaanza kuwatazama wenzao kwa jicho la huruma ya uongo. Mama Pacha, yuleyule aliyekataa kusafisha bure, alisikika akisema wasiotiwa alama wangesugua vizuri wasingejuta. Mmoja ambaye hakutiwa alama alianza kulia, na jirani yake wa miaka mingi akasogeza kiti chake mbali kidogo, kana kwamba mkosi unaambukiza.

Mgeni alipokalia cherehani ya wifi, ikakohoa. Hakumaliza hata mstari mmoja. Alisimama, akapangusa vidole kwa leso, akapita.

Mgeni na Meneja walipoingia ofisini kunywa soda na kula biskuti, wifi alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza yake. Alimwambia Mama Kola kwamba adhuhuri haijafika, akipata pikipiki atawahi hospitali. Alisema hivyo bila lawama yoyote. Kisha akaenda kunawa uso.

Mama Kola alibaki amesimama pale. Aliifikiria ile damu na yale matapishi. Alifikiria mumewe atakavyosema, kwamba wewe ni msimamizi na dada yangu anakwenda kufua uchafu wa watu. Lakini zaidi ya hayo yote alifikiria lile neno lake "baki", alilolitamka kwa kujiamini mbele ya watu, ambalo sasa lingeonekana upuuzi. Wenzake walikuwa wamerundikana dirishani kumwangalia dereva wa mgeni. Akatoa chaki yake mfukoni. Akachora duara kwenye chuma cha cherehani ya wifi, akapitisha mstari katikati, akarudisha chaki mfukoni upesi kama mwizi.

Wifi aliporudi uso ukichuruzika maji, aliitazama ile alama, kisha akamtazama yeye.

"Alirudi," Mama Kola alisema. "Aliisikiliza tena."

Wifi aliketi. Aliuweka uso kwenye aproni iliyokunjwa, mabega yakatikisika, na Mama Kola akamsugua mgongo akimwambia ajikaze. Halafu wifi akaazima simu, akampigia rafiki yake wa hospitali, akasema nafasi ile apewe mwingine mwenye shida zaidi. Siku hiyo walirudi nyumbani wakitaniana njia nzima. Wifi alisema cherehani yake imemdanganya mwekezaji kwa kikohozi cha madaha.

Jumanne asubuhi walikuta lori getini. Walifurahi, walidhani linaleta cherehani mpya. Mama Pacha alikuwa amevaa gauni la kutokea. Wakaingia wapagazi na bisibisi na mikokoteni midogo, wakaanza kufungua skrubu, na cherehani ya kwanza kunyanyuliwa ilikuwa ya Mama Pacha. Aliishika kwa mikono miwili akauliza wanampeleka wapi. Kiongozi wa wapagazi, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alimjibu kwa upole tu kwamba bosi amenunua zote zenye alama.

Meneja akapanda tena juu ya meza ya kukatia nguo. Alisema benki inadai, alisema dunia imebadilika, alisema inamuuma kuliko wanavyodhani. Cherehani nzuri zimeuzwa, na wenye cherehani hizo kazi imekwisha. Hali ikitengemaa watapigiwa simu. Zile kuukuu hazikupata mnunuzi, kwa hiyo zitabaki, na waliozoea kuzishonea watabaki nazo, kwa sababu kuna oda ya sare za shule na nyingine kama hiyo inafuata. Aliwashukuru wote kwa usafi. Alisema mnunuzi aliusifu sana.

Walizisafisha wenyewe. Wikendi nzima, magoti chini, bila ujira, waliziosha na kuzipaka mafuta ili ziuzike.

Ndipo wanawake walipozirukia alama zao. Walewale waliojishaua nazo jana walianza kuzifuta kwa mate, kwa viganja, kwa pindo za magauni. Mmoja aliinamia chuma akakilamba. Waliokuwa hawajatiwa alama walikaa kwenye viti vyao wakizikumbatia cherehani zao mbovu, na wengine, Mungu awasamehe, walikuwa wanacheka.

Mama Kola hakuangalia hayo. Aliukimbilia mwisho wa mstari akamkuta mpagazi ameshaingiza bisibisi kwenye skrubu. Akamshika mkono. Akasema hii imekosewa, mgeni hakuichagua, alama hii nimeichora mimi.

"Mama, asubuhi hii wote mnasema hivyo," kiongozi wa wapagazi alimwambia, akaashiria kazi iendelee.

Akamkimbilia Meneja. Akamweleza yote, mbele ya watu, sauti ikimkatika. Kwamba cherehani ile inakohoa, kwamba haikupendwa, kwamba chaki ni yake, hii hapa mfukoni, atazame. Meneja aliitazama chaki, akaitazama cherehani ikipita kwenye mkokoteni, akashindwa kuzuia tabasamu.

"Mnunuzi analipa kwa kila moja," alisema kwa sauti ya chini. "Umeniongezea moja. Na wewe usiwe na wasiwasi, msimamizi hatiwi alama. Familia inakuhitaji."

Akampigapiga begani. Mkono wake ulikuwa wa uvuguvugu na ulinukia biskuti. Mama Kola angeweza kumtemea. Hakumtemea. Alisema ndiyo, bosi, na sauti iliyosema hivyo ilimchefua kuliko ule mkono.

Wifi alikuwa amesimama mbele ya meza tupu. Palipokuwa na cherehani palibaki matundu ya skrubu na doa la mafuta lenye umbo lake. Alikuwa amesikia yote, kama kila mtu alivyosikia.

"Ulisema alirudi."

"Sikutaka uende kufua mashuka ya wagonjwa, wifi."

"Hukutaka kuonekana umekosea."

Mama Kola aliingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa bado unaning'inia ukutani, akapekua vile vitambaa, akakipata cha wifi, chenye mstari wake wa mawimbi, akampa. Wifi alikipokea, akakitazama, akakitumia kupangusa mafuta ya ile meza, akakitupa.

Mchana huo wifi alimpigia tena simu rafiki yake wa hospitali. Nafasi ilikuwa imechukuliwa jana ileile, saa ileile alipoikataa.

Jioni nyumbani hakukuwa na ugomvi. Mama Kola alikuwa amejiandaa kwa ugomvi njia nzima, ameshapanga hata maneno ya kuomba msamaha, lakini wifi alimnyima. Alikula nao mezani, aliwaogesha watoto wake, alimwambia kaka yake kwamba kiwanda kimepunguza watu na yeye yumo. Kaka yake alishika kichwa. Kisha alimshukuru Mungu kwamba angalau mke wake amebaki, na wifi akasema kweli, kaka, tushukuru. Mama Kola aliisogeza sahani yake. Alisema tumbo linamsumbua, akaenda kulala, na usingizi haukuja.

Asubuhi aliamka, akanawa, akavaa, akatoka. Akasimama kizingitini. Kwenye mlango wa chumba chake, usawa wa macho, palichorwa duara jeupe lenye mstari katikati, duara zuri, safi, bora kuliko alilolichora yeye. Aliipapasa aproni. Chaki haikuwa mfukoni.

Wifi alikuwa uani, anafagia. Hakugeuka.

"Nimekuwekea alama, wifi," alisema. "Usije ukasahaulika."

Mama Kola aliinua upindo wa aproni, akaanza kufuta. Chaki ilisambaa, ikaingia kwenye nyufa za mbao, mlango ukazidi kuwa mweupe. Ndani mumewe aliuliza kuna nini hapo nje. Akasugua kwa nguvu zaidi, akitia mate, kama wale wa jana.

"Acha," wifi alisema, bado anafagia. "Utachelewa kwenye familia yako."

Mama Kola aliushusha upindo, akachukua mkoba wake, akaenda.